Mwalimu, Wewe Unapenda Nini?

Muhula huu nimewachapia wenzangu sivii saba, kwa sababu nina laptop isiyozima-zima na kwa sababu sijui kukataa. Wote saba ni walimu watarajiwa. Na wote saba, ukishuka mpaka chini kabisa, pale juu ya majina ya wadhamini, wameandika mambo yaleyale: kusoma vitabu, kuangalia mpira, kubadilishana mawazo. Hata mpangilio ni uleule, maana sivii yenyewe imerithiwa kutoka kwa kaka fulani aliyemaliza mwaka juzi, ikabadilishwa jina na namba ya simu. Nikiuliza, "Kitabu gani cha mwisho ulichosoma?", wananitazama kama nimewauliza mshahara wa baba yao. Mmoja akanijibu bila kuficha: "We chapa tu, nani atauliza?"

Kwenye usaili huenda kweli asiulize mtu. Lakini wapo watakaouliza, na watauliza wiki ya kwanza kabisa, kabla hata hujajua msalani ni wapi. Kila aliyewahi kwenda TP anawajua. Umemaliza kipindi, zimebaki dakika tatu kengele igongwe, unafuta ubao, mkono unanyooka nyuma ya darasa: "Mwalimu, samahani. Wewe unapenda nini?" Mwingine anadakia, "Simba au Yanga?" Darasa linacheka, halafu linanyamaza. Huo ukimya ni wa kweli. Wanataka kujua huyu mtu aliyeletwa mbele yao ni mtu au ni chaki inayotembea.

Sisi tumefundishwa kujibu nini? Hakuna. Miaka mitatu ya shahada hii unajazwa Piaget, Vygotsky na Bloom, unajua kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, unajua kutengeneza zana kwa boksi la sabuni. Hakuna siku hata moja mtu amekuuliza unapenda nini, unachukia nini, jioni ukiwa huna la kufanya unafanya nini. Na ukifika shuleni, walimu wenyeji wanamalizia kazi kwa neno moja: "Watakuzoea."

Hilo neno nimelisikia mara nyingi mno. Usiwaambie timu yako, watakuzoea. Usicheke nao, watakuzoea. Usikae kibarazani na riwaya, wakikuona watakuja kukuuliza inahusu nini, mwisho watakuzoea. Kwa Kiswahili cha kawaida kuzoeana ni jambo jema, ndiyo namna watu wanavyokuwa majirani. Ofisini kwa walimu limekuwa kama jina la ugonjwa. Ninaielewa hofu yenyewe. Ukiwa na miaka ishirini na mbili na mbele yako kuna kidato cha nne wenye ndevu kukuzidi, unahitaji kaumbali kidogo. Na wapo waliotumia mazoea kuwaharibu watoto wa watu. Hao ni wahalifu na hapa siwatetei. Ila kati ya kumzoea mtu vibaya na kutomjua kabisa kuna uwanja mpana, na sisi tumeufunga wote kwa kufuli.

Mimi niliulizwa kidato cha tatu, nikajibu. Niliwaambia napenda riwaya za upelelezi, zile za Elvis Musiba, za Willy Gamba anayeruka nchi hadi nchi, na zile za zamani za Mohamed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa anakaa na kiko chake anafikiri mpaka muuaji mwenyewe anachoka. Niliwaambia napenda bao ingawa nafungwa na kila mtu. Halafu wakauliza sipendi nini. Tulikuwa tunasoma Takadini, riwaya ya Ben Hanson, ya yule mama Sekai anayekimbia na mwanawe mwenye ualbino asije akauawa. Nikasema: hiki kitabu, kusema kweli, mimi sikipendi sana. Naona mwandishi ananishika mkono kila ukurasa kuniambia hapa huzunika, hapa furahi, hapa jifunze. Sipendi kushikwa mkono.

Darasa lililipuka. Msichana mmoja wa dirishani, ambaye wiki mbili nzima hakuwahi kunyanyua mkono, alisimama bila kuitwa. Akasema mimi sielewi, kwa sababu mimi sikuwahi kukimbia na mtu mgongoni. Akafungua kitabu, kitabu chenyewe, siyo daftari la notsi, akaanza kutafuta mahali pa kunithibitishia. Mwenzake akamsaidia kurasa. Mvulana mmoja akawa upande wangu, nadhani kwa ubishi tu. Kengele ikagonga, hawakutoka. Kesho yake watu wanne walikuwa wamesoma mbele kuliko nilipofundisha, wakitafuta silaha za kunipiga nazo.

Ninajua walimu wangapi wa fasihi wangetoa nusu ya bumu lao waione siku kama hiyo. Msimamizi aliyekuja kunikagua wiki hiyo hakuiona hivyo. Alisoma andalio langu, akasikia habari ofisini, akaniambia nje ya darasa kwamba mwalimu hana kazi ya kukipenda au kutokipenda kitabu teule, kazi yake ni kukifundisha. Alama zangu za kipengele cha kuwahamasisha wanafunzi zilikuwa za chini kuliko zote kwenye ile fomu. Za ubao na za mavazi zilikuwa nzuri sana. Nilipiga pasi kweli.

Nimeitafakari kauli ile, na bado naona imekosea. Fasihi tunayoifundisha imejaa watu wenye kupenda na kuchukia. Tunataka mtoto aandike kwenye mtihani kwa nini mhusika fulani anampendeza, atoe hoja na mifano. Halafu mtu mzima pekee aliye mbele yake, aliyelipiwa chuo asome hivi vitabu, anajifanya hana ladha yoyote mdomoni. Mtoto hujifunza kilekile anachokiona: kumbe vitabu ni vitu ambavyo watu wazima huvifundisha, hawavipendi. Ndiyo maana vile vijitabu vya uchambuzi vinauzika kuliko riwaya zenyewe. Dhamira tano, wahusika wanne, tamathali za semi, umemaliza. Unaweza ukapata A ya Kiswahili bila kuwahi kujua Sekai alijisikiaje. Na sisi wa chuo tusicheke. Desa letu ni kilekile kijitabu, tofauti ni kwamba limetolewa kopi.

Tatizo moja liko kwenye lugha yetu yenyewe. "Kusoma" kwetu ni maneno mawili katika shati moja. Ni kupitisha macho kwenye maandishi, na ni kwenda shule. Hivyo mtu akikukuta chini ya mti na kitabu anakuuliza, kwa huruma kabisa, "Una mtihani?" Ukimjibu huna, anasubiri maelezo zaidi. Vivyo hivyo msomi na msomaji wamezaliwa mama mmoja lakini siku hizi hawasalimiani: nchi ina wasomi wengi tu ambao tangu wavue joho hawajamaliza kitabu. Na hili neno "chuo" lenyewe, ukiwauliza wazee wa pwani, zamani lilikuwa na maana ya kitabu kabla halijawa jengo lenye ada. Sasa hivi unaweza ukaingia chuo na kutoka bila kukutana na chuo.

Watu wakitaka kunipinga husema: ticha wa nchi hii hana muda wa hobi, we subiri uajiriwe. Hapo wana hoja nzito kuliko zile za mazoea. Mikondo iliyojaa, madaftari ya kusahihisha yanayofika kiunoni, nyumba ya kupanga, shamba, pikipiki ya kulipia marejesho, na jioni tuisheni ili mwezi ufike. Riwaya moja mpya dukani ni bei ya sahani kadhaa za wali maharage, na mwenye njaa hawezi kula sura ya kwanza. Sitamwambia mwalimu mwenye vipindi vya siku nzima kwamba dawa yake ni kusoma riwaya. Huo ungekuwa uhuni.

Lakini angalia vizuri hao wasio na muda wanafanya nini na ule mdogo walio nao. Wanaangalia tamthilia za Kituruki, na wanazijua hasa, nani ni mtoto wa nani. Wanabishana penalti ya Jumamosi mpaka Jumatano. Wanaimba kwaya. Wana ladha, wana mapenzi, wana chuki kali mno za kisanaa. Kuna mwalimu wa hesabu nilimkuta TP anaweza kukueleza kwa nini taarabu ya zamani ni bora kuliko modern taarab kwa muda wa chai nzima, kwa ushahidi. Darasani hakuwahi kulitaja hilo hata kwa bahati mbaya. Anaacha mlangoni kile kitu kimoja ambacho macho yake huwaka akikizungumza, anaingia na logarithimu peke yake. Sisemi afundishe taarabu. Nasema watoto wangemsikiliza tofauti mtu waliyemwona akiwaka.

Tuna mfano mmoja mkubwa kiasi kwamba tumeacha kuuona. Picha yake iko ukutani katika kila ofisi ya shule, na cheo tunachomwita ni kazi yetu. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha St Mary's Tabora, na baada ya Edinburgh akafundisha Pugu mpaka 1955 siasa ilipomtoa. Tunakariri hayo kwa ajili ya mtihani wa historia. Swali la kidato cha tatu hatuulizi: Mwalimu, wewe ulipenda nini?

Alipenda Shakespeare. Alipenda kiasi kwamba tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963, wakati nchi ina jamhuri ya miezi tu na yeye ndiye Rais. Kama ni kukosa muda, sijui nani angeweza kumshinda kwa hoja hiyo. Hakuridhika nayo, akairudia, ikatoka tena 1969 kama Juliasi Kaizari, mwaka uleule aliotoa Mabepari wa Venisi. Mtu anayerudia tafsiri aliyokwisha kuichapisha ni mtu mwenye hobi. Na uzeeni, amestaafu, akaandika tenzi za Injili na za Matendo ya Mitume, zikachapishwa Ndanda mwaka 1996.

Na mambo asiyoyapenda? Hata hayo aliyaacha mezani tuyaone. Shakespeare aliandika habari za mfanyabiashara wa Venice. Nyerere angeweza kusema mfanyabiashara, neno lipo na halina ubaya. Akaandika mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Unaweza ukabishana naye, wapo wanaosema ameupindisha mchezo tangu kwenye jalada. Vizuri, bishana. Mimi naona lile neno moja limewafanya wanafunzi wengi wabishane kuliko tafsiri ambayo isingekuwa na mtu ndani yake.

Halafu kulikuwa na bao. Hilo wazee wanalikumbuka kuliko Shakespeare. Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, unaanza na namua, kete zikiisha mkononi unaingia mtaji, na mtu asiyejua akikutazama anadhani unapoteza muda na mbegu za mkomwe. Kijijini nilikokwenda TP kulikuwa na gogo la bao chini ya mwembe karibu na mashine ya kusaga, na kila jioni nilikwenda pale kufungwa. Shikamoo wazee, marahaba mwalimu, keti ufungwe. Siku moja mzee mmoja, katikati ya mtaji, ananiteka huku anazungumza, akaniambia mwanawe haji shule Jumatatu kwa sababu ni siku ya mnada na yeye mzee mguu haumruhusu kusukuma mkokoteni. Kwenye rejista ya darasa yule kijana alikuwa ameandikwa mtoro wiki baada ya wiki. Amechapwa kwa hilo. Ofisi ya shule ilikuwa imemwita mzazi mara mbili kwa barua, mzazi hakuja, kwa sababu barua ya shule kwa mzazi ina maana moja tu. Kwenye bao nilikuwa mtu anayefungwa, basi akaniambia.

Niongeze jambo ambalo wenzangu wa kiume hulipita haraka. Pale kwenye gogo mimi niliweza kukaa kwa sababu ni mwanamume. Mwenzangu tuliyepangiwa naye shule ile ile, dada mmoja anayenizidi kwa vitabu mbali sana, asingeweza kukaa pale siku mbili bila kusemwa. Kwaya aliruhusiwa. Kusuka aliruhusiwa. Riwaya alisoma mlango umefungwa, kwa sababu mwalimu wa kike anayeonekana amekaa tu na kitabu, sufuria haliko jikoni, anaitwa mvivu au anaitwa anayejisikia. Tukiongelea starehe za walimu lazima tuulize nani ana ruhusa ya kustarehe hadharani. Yeye alipata njia: akawa anasoma wakati wa mapumziko palepale darasani, dawatini pa mwanafunzi, mdomo kimya. Wasichana wakaanza kusogea na kuuliza kitabu kinahusu nini. Walimu wakamwambia watamzoea. Wakamzoea kweli, na siku tunaondoka kulikuwa na nakala moja ya Rosa Mistika inayozunguka bwenini, kurasa zimelegea.

Kwa walioisahau, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971 na ikazuiwa mashuleni kwa muda, kabla ya kuja kuwa kitabu cha kusomwa na kidato cha tano na sita. Kezilahabi mwenyewe aliwahi kufundisha sekondari. Yaani hiki tunachokifundisha leo kwa dhamira tano na wahusika wanne, zamani kilikuwa kitu ambacho mwalimu alihitaji ujasiri kukiri kwamba amekipenda.

Sasa chuo hiki kinaweza kufanya nini? Si makubwa. Tunapofundishana wenyewe kwa wenyewe kabla ya TP, dakika kumi kumi, wenzako wanajifanya wanafunzi wa darasa la sita wasio na adabu, iwekwe zamu moja tu ya kuleta kitu unachokipenda na kutushawishi. Kitabu, wimbo, kete, mapishi, chochote. Na zamu nyingine ulete usichokipenda utueleze kwa nini bila kutukana. Wengi wetu tutatokwa jasho kuliko kufundisha fomula, nina hakika, maana fomula iko kwenye desa. Ile fomu ya ukaguzi ina nafasi ya mavazi. Haiwezi kukosa mstari wa kuuliza kama wanafunzi walionekana kutaka kuendelea baada ya kengele. Na serikali ya wanafunzi, ambayo kila mwaka ina fungu la bonanza, itenge kidogo inunue riwaya za mitumba pale kwa wachuuzi wa mtaa wa Samora, iziweke bwenini kwenye kabati lisilo na kufuli. Zitaibiwa. Kitabu kilichoibiwa angalau kuna mtu alikitaka.

Yule mshkaji aliyeniambia nichape tu, nilimkatalia mstari mmoja. Nikamwambia sitaandika kusoma vitabu mpaka aniambie kimoja. Akafikiri sana, akasema hana, ila anapenda kusikiliza mpira redioni. Siyo kuangalia, kusikiliza, kwa sababu mtangazaji akiwa mzuri unauona uwanja wote. Babake alikuwa na redio ya mbao. Aliongea dakika ishirini jinsi watangazaji wanavyotofautiana, nani anapoteza mpira kwa kusifia, nani anakuambia upepo unavumia wapi, nani akisema "hatari" unajua bado hakuna hatari. Anaenda kufundisha Kiswahili, kidato cha kwanza, mada ya masimulizi. Nikachapa: kusikiliza mpira redioni.

Akauliza kama itaonekana ya kishamba. Nikamwambia sijui, ila wangu imeandikwa riwaya za upelelezi na kufungwa bao, na simu haijapigwa bado.